Kaa na mita yako usiku mmoja

Kwa miaka mingi nilikuwa askari wa taa nyumbani. Mtoto akitoka chumbani bila kuzima, lazima anisikie. Chaja ikisahaulika kwenye soketi, naichomoa huku nikinung'unika. Bili ikaendelea kuja vilevile. Siku nilipochukua daftari nikakaa mbele ya mita ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nafukuza sisimizi, na ng'ombe yumo shambani anakula.

Anza na bili yenyewe. Tafuta namba mbili: mita ilivyosoma mara iliyopita na inavyosoma sasa. Toa, unapata uniti ulizotumia. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Kisha nenda ukutani ulinganishe. Mita inatakiwa iwe mbele ya bili, maana siku zimepita. Ukikuta iko nyuma, huenda bili iliandikwa kwa makadirio. Iliwahi kunipata, nikapiga picha ya mita ikionyesha tarehe, nikalalamika, wakarekebisha. Angalia pia kama bei inapanda kwa ngazi kadiri unavyotumia. Kama ndivyo, kila uniti unayookoa inatoka kwenye ngazi ya juu, ile ghali kuliko zote. Kodi na tozo zisizobadilika ziache, huna la kuzifanya.

Sasa kazi yenyewe. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh au namba nyingine. Maana yake kikipepesa mara 1,000, uniti moja imeliwa. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo: jibu ni wati zinazotumika nyumbani muda huo huo. Sekunde 36 ni wati 100. Kama mita yako imeandikwa 1600 au 3200, jibu hilo ligawanye tena kwa 1.6 au 3.2.

Saa nne usiku nilizima kila nilichokikumbuka, friji nikaichomoa kwa dakika chache. Nilitegemea kitaa kisimame. Kikawa kinapepesa kila baada ya sekunde mbili na ushee, karibu wati 1,500! Nikaenda kwenye boksi la swichi, nikazima moja baada ya nyingine. Nilipogusa ya hita ya maji, kitaa kikanyamaza.

Hakuna aliyekuwa anaoga. Ila bomba la maji ya moto jikoni lilikuwa linadondosha, nasi tulishalizoea kama saa ya ukutani. Kila tone likitoka, maji ya baridi yanaingia tangini, na hita inarudi kazini. Nikakinga ndoo: lita 10 kwa siku. Kupasha lita 10 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula karibu nusu uniti, kwa hiyo kwa mwezi zilikuwa zinakwenda kama uniti 14. Kwa umeme huo, taa ya LED ya wati 9 ingewaka usiku na mchana zaidi ya miezi miwili. Mpira mdogo wa bomba ndio uliomaliza tatizo. Siku hizi hita naiwasha kabla ya kuoga, kisha naizima, kwa sababu hata tangi zima lisilovuja hupoteza joto polepole.

Tangu hapo kila kifaa nakiuliza swali moja: unatoa joto? Birika la umeme ni kama wati 2,000, pasi 1,000 na zaidi, na hita ya bafuni inayopasha maji papo kwa papo inaweza kufika 5,400. Dakika 10 chini ya hiyo ni uniti 0.9, ukioga dakika 5 umelipa nusu. Chemsha maji ya vikombe unavyohitaji tu, na nguo zipige pasi kwa mkupuo, si moja kila asubuhi.

Friji inadanganya kidogo. Usichukue wati zake ukazidisha kwa saa 24, maana mota huwaka na kuzima. Kinachoiumiza ni mpira wa mlango uliochoka. Bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, baridi inavuja hapo. Iache ipumue mgongoni, usiibandike ukutani. Nyuzi 4 zinatosha ndani, na kwenye friza 18 chini ya sifuri.

Balbu za nyuzi ukibaki nazo, zibadilishe: ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya wati 60. Ving'amuzi vichunguze kwa kitaa cha mita, maana baadhi yake hula umeme hata ukidhani umevizima kwa rimoti. Ila usifungue mita wala kugusa nyaya zake. Ukizima swichi zote na kitaa bado kinapepesa, muite fundi mwenye leseni.

Chaja isiyo na simu nimeacha kuigombania. Nyingi za kisasa hazifiki hata nusu wati. Taa bado nazizima nikipita. Mazoea tu.