Somo: Kuchagua matairi na kimo cha kunyanyua pikapu ya kila siku katika nyanda za juu kusini

Somo hili linamhusu mwenye pikapu moja tu, ile ile inayompeleka kazini Jumatatu, inayobeba viazi Jumamosi na inayopeleka familia kanisani Jumapili. Mwenye gari la pili la kuchezea matope ana uhuru ambao sisi wengine hatuna. Mifano yangu mingi ni ya Hilux yenye rimu za inchi 17, kwa kuwa ndiyo ninayoiendesha kati ya Uyole na Mwanjelwa, lakini hesabu zenyewe zinamfaa pia mwenye Ranger, D-Max au L200. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tairi huchaguliwa kwanza, na gari hunyanyuliwa kwa kiasi kile tu ambacho tairi hilo na mzigo wako vinadai. Wengi huanza na kunyanyua, kisha wanatafuta tairi la kuziba pengo lililoachwa chini ya madigadi, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea.

Hatua ya kwanza: andika njia zako

Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari ni kilomita ngapi unakwenda kwenye lami, ngapi kwenye changarawe na ngapi kwenye tope. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba, pamoja na majigambo yangu yote kuhusu njia ya Kikondo, kilomita nane katika kila kumi nilikuwa kwenye lami, nikipita rasta na matuta kama watu wengine. Andika vilevile kila mahali gari linapogusa chini, na ni kitu gani kilichogusa, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua unahitaji nini.

Ikigusa bampa ya mbele, ngazi ya pembeni au tangi la mafuta, kunyanyua kunaweza kukusaidia. Ikigusa difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kunyanyua hakutasaidia hata kidogo, kwa maana difu ya pikapu imo ndani ya ekseli, na ekseli inakaa kwenye magurudumu, si kwenye springi. Unaweza kupandisha bodi hadi abiria wahitaji ngazi, na difu itabaki ilipokuwa. Kinachoipandisha difu ni tairi refu zaidi peke yake, na huipandisha kwa nusu tu ya urefu ulioongezeka.

Hatua ya pili: soma namba za tairi na ufanye hesabu mwenyewe

Tairi la kawaida la Hilux hii limeandikwa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. Ukizidisha 265 kwa 0.65, kisha kwa mbili, na kuongeza milimita 431.8 za rimu, unapata kimo cha tairi zima, yaani milimita 776. Ukienda kwenye 265/70R17, kimo kinakuwa milimita 803, hivyo difu inapanda milimita 13 hivi. Ukienda kwenye 285/70R17, kimo kinafika milimita 831 na difu inapanda milimita 27.

Milimita hizo hazipatikani bure. Tairi la 285 ni refu kwa asilimia 7, na ni kama umeambiwa upande mlima ukiwa umeongezewa nusu gia. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukumia hewa zaidi ndani ya injini) imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa, na ukipanda kuelekea Kitulo inapoteza nyingine. Mwenye tabo hataumia sana. Mwenye injini ya zamani isiyo na tabo atajikuta kwenye gia ya pili mahali alipokuwa akipita na ya tatu. Ndiyo maana kwa gari la kila siku mimi hukomea kwenye 265/70R17, ambayo kwa kawaida huingia kwenye Hilux hii bila kukata kitu. Hata hivyo, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afunge moja mbele, kisha ukate usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukienda mbele na ukirudi nyuma, usikilize kama linasugua.

Namba ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Hiyo 112 inamaanisha kwamba tairi moja linabeba kilo 1,120, na S ni mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Anayebeba lumbesa asikubali kamwe tairi lenye namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hata likiwa na sura ya kutisha namna gani. Matairi yenye herufi LT mwanzoni yana kuta ngumu zaidi na hustahimili mawe, ila yanahitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba uzito ule ule, kwa hiyo usiyajaze kwa mazoea ya zamani.

Hatua ya tatu: aina ya meno

HT ni la lami, AT ni la mchanganyiko, MT ni la tope. Kwa daftari nililolieleza hapo juu, AT inawatosha karibu wote. MT inapendeza machoni na inachimba vizuri, lakini ina mpira mchache unaogusa barabara, hivyo kwenye lami iliyolowa ya Tukuyu, ambako mvua haina adabu, huchelewa kusimama, na kelele yake mwendo wa saa mbili nzima itakufanya uzime redio.

Hatua ya nne: kunyanyua, kama bado kuna haja

Kwa pikapu zenye koili mbele, mpaka wangu ni milimita 40 hadi 50. Zaidi ya hapo mashafti ya mbele yanakaa kwa pembe kali, sivijointi (viungo vya mashafti hayo) na vifuniko vyake vya mpira vinachakaa upesi, na boljointi ya juu, kiungo cha mkono wa gurudumu, inafika mwisho wa mwendo wake kila gurudumu linaposhuka shimoni. Njia nzuri ni kubadilisha springi na shokapu kwa pamoja, zilizotengenezwa kwa uzito wa gari lako. Njia ya bei rahisi ni kipande cha chuma au plastiki juu ya shokapu, na hapa kuna mtego: kipande cha milimita 25 hunyanyua gari karibu mara mbili ya unene wake, kwa sababu shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa gurudumu. Fundi asiyelijua hilo huweka cha milimita 50, na gari linatoka gereji limesimama kama mbuni.

Nyuma, ambako springi ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, abebaye mzigo kila wiki aongeze chuma au abadilishe springi nzima. Mwenye mzigo mdogo asiongeze, kwani gari tupu litamrusharusha kwenye changarawe na nyuma itakuwa inahama kila kona. Vipande vya chuma kati ya ekseli na springi vinanyanyua bila kuongeza nguvu yoyote, na kwenye springi za mbele za magari ya zamani visiwekwe kabisa.

Hatua ya tano: breki na alaimenti

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Pikapu nyingi zina valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, yenye fimbo iliyoungana na ekseli ya nyuma. Nyuma inapolemewa na mzigo, fimbo inasukumwa na valvu inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari likiwa tupu, inazipunguza ili nyuma isiteleze. Ukinyanyua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Gereji moja iliyoninyanyulia gari miaka kadhaa iliyopita haikuigusa fimbo hiyo, na mimi sikujua kuuliza. Nikiteremka kutoka Isyonje kuja Uyole na magunia ya viazi, breki za mbele zilibeba kazi yote, zikaanza kunuka, na pedali ikawa laini chini ya mguu. Nilisimama pembeni nusu saa zikipoa, nikitazamwa na wauza ndizi. Dawa yake ni kishikio kidogo cha chuma kinachorudisha fimbo mahali pake, na kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na springi.

Alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, ni lazima siku ile ile, si mwezi ujao. Gari likipanda mbele, pembe zote za magurudumu zinabadilika. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, gari linatangatanga barabarani na tairi linaliwa upande mmoja. Baada ya kilomita 500 kaza tena bolti zote zilizoguswa. Mwisho, shusha taa za mbele, kwa sababu gari lililopanda linawapofusha wanaokuja. Pia iarifu kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kabla ya ajali, wala si baada yake.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Makete anauliza: Shikamoo mwalimu. Sisi huku mwezi wa tatu ni tope tupu. Je, AT yako itatufikisha?*

Marahaba, ndugu yangu. Kama zaidi ya nusu ya daftari lako ni tope, basi wewe ndiye niliyemwachia MT, na ununue bila kuona aibu. Kabla ya hapo, lakini, jaribu AT kwa kushusha upepo hadi psi 22 hivi gari likiwa halina mzigo mzito, uende polepole, na ujaze tena kabla ya kugusa lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni bei ndogo kuliko seti ya matairi.

*Swali kutoka Mafinga: Nikifunga 285, tochi za trafiki zitanisomaje?*

Dashibodi itaonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda, kulinganisha na zamani. Iliposoma 80 kwa tairi la awali, sasa unakwenda karibu 86. Kwa 265/70 unakwenda karibu 83. Kwenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa, tofauti hiyo inatosha kukusimamisha. Ipime kwa GPS ya simu, uikariri.

*Mwanachama wa Mbalizi anauliza: Kaka, nimepata matairi ya mtumba ya AT, meno bado mengi. Ninunue?*

Tafuta ubavuni namba nne za mwisho za mfululizo unaoanza na herufi DOT. Zikiwa 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na meno mengi kwenye tairi la zamani mara nyingi yana maana kwamba lilikaa mahali pamoja muda mrefu. Likizidi miaka sita, au ukiona nyufa ndogo ubavuni, mwachie mwenyewe, hasa kama njia yako inapita mteremko wa Kitonga.

*Swali kutoka Tukuyu: Fedha zinatosha matairi mawili tu. Niweke makubwa nyuma kwanza?*

Hapana. Ukiweka vimo tofauti mbele na nyuma kisha ukafunga magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, giaboksi ya kugawa nguvu itavutana yenyewe hadi ivunjike. Subiri yatimie matano. Nasema matano kwa sababu la akiba nalo lazima lilingane, na kabla ya kununua lala chini ya bodi upime kama kubwa litaingia pale linapofungwa, kwani 285 kwa baadhi ya pikapu hukataa.