Jinsi ya kutunga wimbo wa kuchekesha juu ya jambo lisilochekesha

Wimbo wangu wa kwanza wa kuchekesha ulihusu mtu anayetaka kumuua mjomba wake, na hakucheka mtu. Ulianza hivi: "Nitakuua mjomba, nirithi mali yako." Watu wanane sebuleni, kimya. Shangazi akaniuliza kama siku hizi ninalala vizuri.

Nilidhani wamechukia habari za kifo. Sivyo. Kosa ni kwamba mstari wa kwanza ulikwisha kumaliza wimbo wote. Msikilizaji alishajua kila kitu, akabaki kunisubiri mimi ninyamaze.

Basi anzia hapa: anayeimba asijijue kuwa ni mbaya. Machoni pake yeye ni mpwa mwema, mpenzi mwaminifu, raia mpole. Tom Lehrer, Mmarekani aliyefundisha hisabati Harvard, ana wimbo wa kuwapa njiwa sumu bustanini. Ukiusikiliza bila kufuata maneno utadhani ni wa mapenzi: majira ya machipuko, jua, watu wawili matembezini, mapigo ya waltz, ile dansi ya Kizungu ya mapigo matatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Ile sumu inatajwa kama sehemu ya matembezi. Hakuna hasira wala kicheko cha kishetani. Tangu mwaka 2020 Lehrer aliyaachia maneno ya nyimbo zake yatumiwe na yeyote bure, kwa hiyo yasome polepole, kalamu mkononi, upigie mstari neno linalobeba mzaha. Mara nyingi utalikuta mwishoni kabisa mwa mstari.

Kuhusu muziki, shika sauti tamu. Mwendo wa kubembeleza mtoto unafaa sana. Ukipiga gita la kutisha juu ya maneno ya kutisha umepata wimbo wa kutisha, tena mbovu.

Sasa maneno. Kiswahili kinatupa vina kwa urahisi mno. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na vitenzi vingi vinaishia kwa "a". Urahisi huo ni mtego. Kina dhaifu hakimshtui mtu. Shika silabi nzima, uishike kati na mwisho wa mstari, silabi nane kwa nane kama shairi la kawaida, ili sikio lizoee utaratibu na kuanza kutabiri. Mtu akishaanza kutabiri, umemkamata. Huu hapa ule wimbo wa mjomba baada ya kuuandika upya, sijui mara ya ngapi:

Mjomba nakuuguza, silali usiku kucha,
Nywele nakutengeneza, nakukata hata kucha,
Wosia umemaliza, jina langu hukuacha,
Mto ninausogeza, usoni ninauacha.

Tazama kazi inavyofanyika. Mstari wa kwanza ni huruma tupu. Wa pili una mchezo mdogo, kucha ya usiku na kucha za vidole, na kazi yake ni kumfanya msikilizaji atabasamu na kuniamini. Wa tatu unaingiza wosia, lakini kwa shukrani. Wa nne unaanza na mto, kitu ambacho muuguzi yeyote husogeza. Mpaka silabi ya kumi na moja mimi bado ni mpwa mwema. Mauaji yako kwenye "usoni", na "ninauacha" inayafunga. Neno "kuua" halimo. Nililitoa, na siku niliyolitoa ndiyo siku watu walianza kucheka.

(Ndiyo, "acha" imetumika mara mbili. Mwalimu wangu wa ushairi angenikata alama. Lakini ya kwanza ni kutosahau na ya pili ni kutoondoa, nami nimeridhika.)

Jambo linalonisumbua zaidi ni nani anachekwa. Niliwahi kutunga beti sita juu ya jeneza lisilotosha mlangoni, nikaziimba kwenye sherehe moja. Baadaye nikaambiwa kuwa mama mmoja pale mbele alikuwa amezika wiki ile. Wimbo haukumdhihaki, ila sikuwa nimetazama nani yupo. Siku hizi nauliza kabla. Na ninapotunga, nachagua wa kuchekwa kati ya wenye nguvu: mrithi mwenye tamaa, jenerali, hakimu. Aliyekufa mwenyewe namwacha apumzike.

Mwimbaji Mfaransa Georges Brassens alilijua hili. Wimbo wake wa mwaka 1952 unasimulia gorila aliyetoroka na kumkamata hakimu, na ulipigwa marufuku redioni kwa sababu ya mambo yanayompata hakimu huyo. Beti nyingi ni upuuzi wa kucheka hadi machozi. Kisha mwishoni kabisa hakimu analia akimwita mama, sawasawa na mtu ambaye yeye, siku hiyo hiyo, alikuwa ameamuru akatwe kichwa. Kicheko kinakukwama kooni, unagundua kwamba muda wote ulikuwa unaimbiwa habari za hukumu ya kifo. Kama una jambo zito la kusema, liweke hapo, mstari wa mwisho, na usilifafanue.

Urefu: beti nne, tano zikizidi. Kila ubeti upandishe kidogo. Kama ubeti wa tatu hauna ubaya kuliko wa pili, ufute hata ukiwa na kina kizuri kuliko vyote. Nina daftari zima la vina vizuri vilivyofutwa.

Ukifika jukwaani, jikaushe. Usikonyeze, usitangulie kusema "huu unachekesha sana". Tamka kila silabi, maana neno moja likimezwa mzaha wote umekwenda. Ndiyo maana mimi hupunguza gita karibu liishe kabisa kwenye nusu ya pili ya mstari wa mwisho. Ukishatamka neno la mwisho, zima nyuzi kwa kiganja palepale. Usiweke muziki wa kumalizia. Kutakuwa na kimya cha sekunde moja au mbili, kirefu kama mwaka. Kiache. Kwa kawaida anayecheka wa kwanza ni mtu wa nyuma, naye hucheka akijionea aibu, kisha wengine wanamfuata.

Mara ya mwisho nilipouimba, mzee mmoja alinifuata nikifungasha gita, uso wake umekauka kuliko wangu.

"Mjomba wako hajambo?"

"Mzee, mimi sina mjomba."

"Ndiyo," akasema, "nimesikia."