Kupiga picha Curaçao ukiwa na siku chache tu: angalia jua na upepo kwanza

Ukipata nafasi ya kwenda Curaçao na kamera yako, please usianze na zile orodha za "sehemu 20 za lazima", utazunguka kisiwa kizima na kila unapofika jua liko upande mbaya. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 444, kiko kama kilomita 65 kaskazini mwa Venezuela, kwa hiyo kufika sehemu sio kazi, kazi ni kufika saa ngapi. Sisi tunaotokea Uholanzi tunapanda ndege moja tu toka Amsterdam, masaa kama kumi hivi, maana Curaçao bado iko ndani ya ufalme wa Uholanzi japo toka 10/10/2010 mambo ya ndani inajiendeshea yenyewe. Wewe unayetoka Nairobi au Dar ulizia viza ubalozi wa Uholanzi kabla hujalipa tiketi.

Haya, Willemstad, mji mkuu. Mji umekatwa katikati na mkono wa bahari, magharibi ni Otrobanda na mashariki ni Punda (ndiyo, Punda, cheka tuendelee). Yale majumba ya rangi rangi unayoyaona kwenye kila kalenda ni Handelskade, yako Punda na yanatazama magharibi. Sasa piga hesabu mwenyewe, asubuhi jua linatokea nyuma yake, mbele kote kivuli, rangi zimezimika. Kwa hiyo asubuhi simama Punda upige Otrobanda ndo inawaka, alasiri uvuke ng'ambo, kuanzia kama saa kumi Handelskade inakuwa moto kabisa. Stori ya mjini ni kwamba mwaka 1817 gavana Albert Kikkert alikataza nyumba nyeupe, eti mwanga ukirudi toka ukutani unamuumiza kichwa, na wambea wanaongeza kwamba alikuwa na mkono wake kwenye biashara ya rangi. Sijui kuhusu biashara, ila kuhusu kichwa namuelewa, jua la pale linachoma, shusha ekspoja (kiasi cha mwanga kinachoingia) kidogo na upige RAW, yaani faili ghafi la kamera, usiiache kamera iamue peke yake kwenye kuta za manjano.

Daraja la Queen Emma, la mwaka 1888, ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote na hapo nitakaa kidogo. Linaelea juu ya maboya, na meli ikitaka kupita linafunguka lote kama mlango, bawaba iko upande wa Otrobanda na injini iko mwisho wa upande wa Punda. Kengele ikilia na wewe uko juu, sio lazima ukimbie, wanafunga mageti unabaki humo humo unasogea nalo, na hapo ndo unapata Handelskade ikihama mbele ya lenzi yako taratibu, piga mfululizo au rekodi video. Ukibaki nje angalia bendera, ya rangi ya chungwa maana yake daraja halikawii kurudi, ya bluu maana yake subiri sana, na hapo kuna feri ya bure ya kukuvusha, na toka kwenye feri unapata majumba kwa chini kidogo, angle ambayo wengi hawana. Ila usije ukaweka stendi ya kamera juu ya daraja usiku! Linaelea, watu wanatembea, kila kitu kinatikisika, taa zote zitatoka mistari. Weka stendi kwenye ukingo wa Otrobanda, chini kwenye saruji, kuacha shata wazi (kile kilango cha mwanga ndani ya kamera) sekunde nne mpaka nane kunatosha. Na uwahi, maana kule ni nyuzi 12 tu kaskazini ya ikweta, giza linaingia haraka kama kwetu pwani, jua linazama kama saa 12 na robo mwezi wa 12 na karibu saa moja mwezi wa 6, baada ya hapo ile bluu ya angani unayo kwa dakika kama 20 hivi, kwisha.

Fukwe ni kinyume chake. Kila mwongozo unakwambia mchana weka kamera begini, kwa bahari ya kule sio kweli, ile turkwazi inatoka vizuri jua likiwa utosini kwa sababu mwanga unashuka mpaka kwenye mchanga wa chini na kurudi. Nenda Grote Knip (wenyewe wanaita Kenepa Grandi) kati ya saa tano na saa nane, pigia juu ya mwamba karibu na parking, vaa polaraiza, kile kichujio cha lenzi kinachokata mng'ao, ila kama lenzi ni pana sana usiizungushe mpaka mwisho, anga litatoka na doa jeusi upande mmoja. Halafu usiondoke hapo hapo. Shamba la Kenepa ndipo mtumwa mmoja, Tula, alipoanzisha uasi wa watumwa tarehe 17 Agosti 1795, akauawa Oktoba mwaka huo huo, na nyumba kubwa ya shamba bado ipo karibu tu na ufukwe. Mimi naona albamu yenye ufukwe bila ile nyumba ni ya wakala wa utalii.

Upande wa kaskazini ni dunia nyingine, upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima na mawimbi yanapiga mwamba moja kwa moja. Pale Shete Boka, hifadhi ya pwani hiyo, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde kama unataka matone yagande. Chumvi inakuja hewani hata huioni, kwa hiyo usifute lenzi na kitambaa kikavu, utaikwaruza, lowesha kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kubadilisha lenzi nje sahau, fanya ndani ya gari madirisha yamefungwa. Na ukitoka kwenye chumba chenye AC acha kamera begini kama nusu saa, la sivyo kioo kitaingia ukungu na asubuhi yako imekwenda.

Flamingo wako kwenye mabwawa ya chumvi ya Sint Willibrordus, nenda mapema na lenzi ya kuvuta mbali, milimita 300 au zaidi, baki barabarani, ukiwasogelea wataruka na utapata picha ya migongo tu.

Watu sasa. Salamu kwanza, kwa Kipapiamentu, lugha ya kule, bon dia asubuhi, bon tardi mchana, ndo unaomba, kunyanyua kamera bila salamu ni ushamba kule kama ilivyo Mombasa au Tanga. Sehemu nzuri ni Plasa Bieu, soko la zamani Punda ambapo akina mama wanapika mchana, mvuke, masufuria makubwa, mwanga hafifu wa ndani, panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) mpaka 3200 na usiwashe fleshi kabisa. Agiza chakula kwanza, kabritu stoba yaani mchuzi wa mbuzi na funchi, hiyo funchi ni ugali wa mahindi kabisa, kula ukimaliza ndo uulizie picha, mimi hivyo ndivyo nilivyokaribishwa mpaka nyuma ya jiko.