Mwenye Haya Anapokwenda Chuo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mwaka wa Kwanza

Mwanafunzi mpole akifeli mwaka wa kwanza, mara nyingi si kwamba masomo yamemshinda. Amekosa habari. Jaribio limewahishwa siku mbili, ukumbi umebadilishwa asubuhi hiyo hiyo, orodha ya makundi ya semina imebandikwa kwenye mlango ambao yeye hapiti. Chuoni habari hizo hupita midomoni mwa watu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Hakuna kengele, hakuna matroni, hakuna mwalimu wa zamu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Kwa hiyo wewe unayejijua una haya, usijipe kazi ya kubadilika tabia kabla chuo hakijafunguliwa. Jipe kazi ya kuhakikisha habari zinakufikia. Naandika nikifikiria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, lakini mengi utayakuta Dodoma, Mzumbe na kwingineko.

Anza na makaratasi ukiwa bado nyumbani. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, fomu ya afya yenye muhuri wa daktari, picha za pasipoti: toa nakala za kutosha, uzipange kwenye faili kwa mpangilio ule ule wa maelekezo ya kujiunga. Foleni ya usajili ni ndefu na karani akishachoka huuliza kwa ukali. Mwenye haya akiambiwa mbele za watu kwamba kuna karatasi imepungua, hutoka kwenye mstari kimyakimya akasema atarudi kesho. Faili iliyopangwa inakupunguzia maneno.

Pesa nazo. Kama umepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, usiende ukitegemea bumu, yaani pesa ya kujikimu, likukute getini. Linaweza kuchelewa, na mpole hakopi wala hasemi kwamba ana njaa, analala. Ongea na nyumbani mapema upate japo chakula cha wiki za mwanzo.

Chumbani utakaa na watu usiowachagua. Zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 peke yake zilijengwa kubeba wanafunzi 3,840, kwa hiyo kelele zipo. Yanayowakosanisha watu wa chumba kimoja ni madogo: taa, funguo, wageni, muziki wa saa saba usiku. Mwenye haya humeza, humeza, halafu siku moja anahama bila kuaga. Yasemwe siku za kwanza, wakati kila mtu bado ni mgeni na hakuna aliyekasirika. Kuwa na sentensi yako tayari: "Samahani ndugu yangu, kesho nina kipindi saa moja, naomba uvae hedifoni." Inatosha.

Darasani ndiko kwenye uzito. Masomo ya pamoja kama DS (Taaluma za Maendeleo) huwa na mamia ya wanafunzi, na ukiingia Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa nyuma ya ile noti ya zamani ya shilingi 500, utatamani kukaa nyuma kabisa. Kaa safu za mbele, pembeni. Ukiwa mbele huwaoni watu, na kipindi kikiisha unamfikia mhadhiri kwa hatua chache kabla hajazingirwa. Wiki ile ile ya kwanza mtafute CR, yaani kiongozi wa darasa lako, mpe jina lako, chukua namba yake, omba akuingize kwenye grupu. Yeye alichaguliwa kwa kazi hiyo, humsumbui.

Halafu kuna semina na Kiingereza. Alama za kozi hapa ni 40 kabla ya mtihani wa mwisho wenye 60, na ndani ya ile 40 kuna kazi za makundi na kuwasilisha mbele ya wenzako. Mpole hukimbilia kuchapa kazi ili wengine waongee. Anachoka kuliko wote, na hakuna anayejua kwamba kazi ni yake. Ushauri wangu ni kuomba sehemu ya utangulizi. Ni fupi, unaweza kuirudia kwa sauti chumbani hadi ulimi uizoee, na ukishaimaliza unakaa chini huku wenzako ndio wanaotetemeka. Kuhusu Kiingereza, wengi mle ndani wametoka shule za kata kama wewe. Anayeongea haraka si lazima awe anajua.

Usitafute marafiki wengi. Tafuta mahali penye kazi ya mikono au ya sauti: kwaya ya USCF (wanafunzi Wakristo) au TMCS (Wakatoliki), shughuli za MSAUD (Waislamu), timu ya michezo. Mtu akishapewa kiti cha kupanga au besi ya kuimba, mazungumzo huja yenyewe.

Nina neno kwa mabinti hasa. Wapo wanaomlenga msichana mkimya kwa kudhani hatasema. Ukiitwa ofisini muda usio wa kazi, nenda na mwenzako au usiende. Kuombwa ngono kwa ajili ya alama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea simu bure kwa namba 113. Tunza ujumbe wote uliotumiwa. Kosa si lako hata chembe.

Ukiona umeacha kwenda vipindini, unalala mchana kutwa na simu za nyumbani hupokei, hiyo si haya tena. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ama zahanati ya chuo.

Mwisho wa muhula, alama za kozi zikibandikwa kabla ya mtihani, itafute namba yako mwenyewe, usiridhike na kuambiwa. Karatasi zote za majaribio ziwe zimehifadhiwa tangu mwanzo. Alama ikikosekana, nenda idarani siku hiyo hiyo na karatasi mkononi, useme: "Shikamoo, nilifanya jaribio la pili, alama yangu haipo, karatasi yangu hii hapa." Ukisubiri mpaka matokeo yatoke, itabidi uyaeleze yale yale kwa watu watano.