Kutunza Filodendroni Ndani ya Nyumba Mjini Tabora

Filodendroni ni mmea wa misitu ya tropiki ya Amerika, wa ukoo mmoja na magimbi, na aina zake nyingi hutambaa juu ya miti mikubwa zikiishi kivulini. Kwa hiyo uweke karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, lakini mahali ambapo jua la mchana halitaupiga moja kwa moja na kuyaunguza majani.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni maji. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo, na ukikuta sentimita 3 za juu zimekauka, mwagilia hadi maji yatokeze kwenye matundu ya chini ya chungu, kisha umwage yaliyotuama kwenye kisahani. Majani ya chini yakigeuka manjano ilhali udongo umelowa, mara nyingi mizizi imeanza kuoza. Udongo wa mfinyanzi mtupu haufai kabisa. Uchanganye na mboji, mchanga na maganda ya mpunga.

Wakati wa kiangazi hewa ya Tabora hukauka na vumbi hutanda juu ya majani na kuyazuilia mwanga, hivyo yafute kwa kitambaa chenye unyevu, ukilitegemeza kila jani kwa kiganja ili lisivunjike.

Ukitaka kuuzalisha, kata shina chini kidogo ya kifundo chenye mzizi wa hewani, ulitie katika glasi ya maji. Nawa mikono baadaye, na uweke chungu mbali na watoto wadogo na paka, kwa sababu mmea huu ukitafunwa huwasha vikali mdomo na koo.