Kabla Drili Haijagusa Mlango wa Nyuma: Mambo ya Kuzingatia Ukitaka Kufunga Spoila

Wiki iliyopita kijana wa jirani alikuja kuniuliza spoila ya Toyota Harrier langu, kile kipande kinachofungwa juu ya mlango wa nyuma wa gari, nilinunua wapi. Alitaka jina la duka tu. Nilimshikilia karibu saa nzima namweleza mambo ambayo hakuuliza, mpaka akaanza kuangalia simu. Nikaona bora niyaandike, asome mwenyewe akiwa na nafasi, na wengine wenye hamu hiyo wasome pia.

Kwanza jiulize unaitaka ya nini. Kama ni urembo, sema ni urembo, hakuna atakayekushtaki. Lakini usidanganywe dukani kwamba itakupunguzia mafuta. Nguvu ya upepo kwenye gari huenda na mwendo, na mwendo ukiwa mara mbili, upepo unasukuma mara nne. Kwa hiyo kipande kile, kama kimechongwa vizuri, kina la kufanya ukiwa unakimbia barabara kuu. Ndani ya mji, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na asubuhi pale Buzuruga, hapa Mwanza, hata hiyo 50 huipati, kinakaa tu kama kofia. Na vumbi la kioo cha nyuma halitaondoka. Magari haya ya mgongo wima yakikimbia yanaacha pengo la hewa nyuma yake, na pengo hilo ndilo linalovuta vumbi lije kujibandika kiooni. Waipa utaendelea kuihitaji.

Ijaribu kabla hujalipa. Ipeleke kwenye gari, iweke juu ya mlango ukiwa umefungwa, tazama kingo zote mbili. Jina la gari kuwa moja hakumaanishi mlango ni mmoja; toleo likibadilika, umbo la mlango nalo hubadilika. Ikiacha uwazi wa kupitisha kidole upande mmoja, irudishe. Muuzaji atakwambia "fundi ataivuta na skrubu, itakaa". Haikai. Ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa, ikivutwa kwa nguvu inapasuka, kwanza rangi, halafu yenyewe. Ya plastiki haipasuki upesi, ila usiku na mchana inataka kurudi kwenye umbo lake, mpaka siku gundi inachoka.

Angalia pia mlango wako unafunguka kuelekea wapi. RAV4 za zamani, zile zenye tairi mgongoni, mlango unafunguka kwa pembeni, hao hawana shida ya uzito. Sisi ambao mlango unapanda juu, unabebwa na zile shokapu mbili za gesi, na shokapu hizo zimetoka Japani na gari, zimeshazeeka. Ongeza kilo mbili au tatu za faiba kwenye ncha kabisa ya mlango, mbali na bawaba, uone. Dawa yake ni rahisi: funga spoila kwa tepu ya karatasi, fungua mlango mpaka juu, kaa pembeni uhesabu dakika tano. Ukianza kushuka wenyewe, nunua shokapu kwanza, spoila baadaye. Mlango ule ukikuangukia kisogoni huku umeinama unapanga mizigo, hutauliza tena kwa nini nilisisitiza.

Rangi ipigwe kabla ya kufunga, na isichanganywe kwa macho. Kwenye Toyota kuna kibati, ama ndani ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango, chenye namba ya rangi. 202 ni nyeusi. 040 ni nyeupe ya kawaida. 070 ni ile nyeupe ya lulu, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu ile si rangi ya mkono mmoja: kuna nyeupe ya chini, kuna lulu juu yake, halafu klia, ile ya kung'arisha isiyo na rangi. Fundi akikupigia nyeupe tupu, chini ya mwembe itafanana, ukitoka juani utaona gari limevaa kiraka. Na kama spoila ni ya plastiki, dai praima ya plastiki, ile ya kupakwa kwanza ili rangi ishike. Bila hiyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

Sasa kufunga. Kuna njia ya gundi na njia ya kutoboa, na nyingi zinatumia zote mbili. Ukiamua tepu ya pande mbili, ile nzito ya magari, siyo ya kubandikia picha ukutani, sehemu ioshwe, ipanguswe kwa spiriti, iachwe ikauke, na baada ya hapo asipite mtu na kidole chenye mafuta. Ibonyezwe kwa nguvu urefu wote. Tepu hiyo haishiki siku hiyo hiyo. Inaendelea kukomaa mpaka saa 72. Kwa hiyo ukitoka gereji usipitie kuosha gari, na usiku huo usishike safari ya Musoma. Vijana wa kuosha magari waambie hata baadaye: ile bomba ya presha wasiielekeze kwenye ukingo wa spoila. Waambie kila mara, maana kila mara ni kijana mwingine.

Kutoboa ndiko kulikoniponza mimi.

Fundi wangu alikuwa mzuri wa maneno na mwepesi wa mkono. Harrier langu ni lile wanaloita tako la nyani, na spoila niliyonunua ilikuwa na taa ya breki ndani yake, mstari mwekundu mrefu. Aliweka spoila, akapiga alama kwa kalamu, akashika drili. Matundu manne ya bolti na moja la waya. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nakunywa soda, nikaona vipande vya chuma vinaruka, vingine vinaingia ndani ya mlango kupitia tundu lenyewe. Hakufungua plastiki ya ndani ya mlango. Hakupaka chochote kwenye chuma kilichobaki wazi. Alichukua silikoni, akaijaza matunduni, na nakumbuka harufu yake kama ya siki ya kachumbari. Waya akaupitisha kwenye tundu lake hivyo hivyo, chuma kwenye waya, akauunga na waya wa taa ya zamani kwa kusokota na kuvingirisha tepu nyeusi. Dakika 40. Nikamsifu kwa haraka yake.

Hiyo ilikuwa kiangazi. Miezi ikapita, hakuna shida, spoila inang'aa.

Ikaja masika. Jumamosi moja ya Aprili, mvua imenyesha usiku kucha, nimetoka Igoma kwenda Mwaloni, Kirumba, kuchukua gunia mbili za dagaa za wakwe zangu Shinyanga. Pale Mabatini daladala iliyokuwa nyuma yangu ikapiga honi mara tatu. Kwenye foleni inayofuata ikaja ubavuni, konda akatoa kichwa chote dirishani, akanyoosha kidole nyuma ya gari langu na kupiga kelele. Nilichosikia ni neno "taa" tu. Nikampungia mkono. Nilidhani anasifia.

Nikafika, nikaegesha, dagaa wakapakiwa, nikalipa. Nikawasha gari. Nikakanyaga breki, nikavuta gia kutoka P, ile ya kuegesha. Haitoki. Nikavuta tena. Nikazima, nikawasha, nikakanyaga breki kwa miguu miwili kama mtu anayesukuma ukuta. Gia imekaa pale kama imechomelewa. Mama mmoja mwenye mzigo wa sangara wakavu akaja dirishani akasema kwa upole, "Baba, sogeza gari, watu wanapakia." Namwambia haliendi, haelewi, maana injini anaisikia inanguruma.

Nikampigia fundi mwingine, akaja na bodaboda. Akajaribu mara mbili, akatikisa kichwa: gia boksi imekufa, livutwe hadi gereji, ishushwe. Akaanza kutaja bei, na ile bei ilikuwa inakaribia ada ya mtoto ya mwaka mzima. Jua limeshatoka, dagaa nyuma wameanza kujitangaza, na mimi nimeshika simu natafuta gari la kuvuta.

Aliyeniokoa ni mzee wa teksi aliyekuwa amekaa kivulini anatuangalia muda wote. Alikuja polepole, hakugusa hata gia. Aliuliza swali moja: "Bwana, ukikanyaga breki, nyuma panawaka?"

Hapakuwaka. Hata taa moja.

Naomba usome hapa taratibu. Kwenye magari mengi ya otomatiki, gia haikubali kutoka P mpaka gari lijue umekanyaga breki, na linajua kupitia umeme ule ule unaowasha taa za breki. Fyuzi ya taa za breki ikikatika, umeme haufiki, na gia inabaki imefungwa. Gia boksi ni nzima kabisa. Kando ya mkono wa gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki, wengi hatujawahi kukiona. Mzee alikitoa kwa ncha ya ufunguo, akabonyeza ndani, akavuta gia, ikatoka kama siagi. Akaniambia niendeshe taratibu na nisimame mbali na watu, maana nyuma niko gizani. Yule wa gia boksi alikuwa ameshapanda bodaboda.

Fundi wa umeme alipofungua plastiki ya mlango, maji yalimwagika karibu jagi zima. Chini ya mlango ule mabaki ya drili yalikuwa yamegeuka tope la kutu. Kuzunguka kila tundu chuma kimevimba rangi ya kahawa, na akanionyesha sababu: silikoni inayonuka siki hutoa asidi wakati inakauka, na ukiipaka kwenye chuma kisicho na rangi umeanza kutu kwa mkono wako mwenyewe. Ule waya wa taa ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa tundu kila nilipofunga mlango, mpaka ngozi yake ikaisha na shaba ikagusa bodi. Nilipokanyaga breki mahali fulani kabla ya Mabatini, fyuzi ikakata. Tangu hapo hadi Mwaloni nilikuwa nasimama kwenye foleni bila taa hata moja ya breki, na konda alikuwa ananipigia kelele za bure nisigongwe.

Kwa hiyo ukitoboa, fundi afungue plastiki ya ndani kwanza. Aanze na drili nyembamba kisha apanue. Vumbi la chuma lisafishwe lote, hata kwa brashi na kitambaa, siyo kwa kupuliza na mdomo. Chuma kilichobaki wazi kipakwe praima na rangi, na usikubali bolti iingie kabla haijakauka. Kama ni kurudi kesho, rudi kesho. Kila bolti iwe na washa ya mpira. Gundi ya kuzibia iwe ile isiyonuka siki, kama ya vioo vya mbele vya magari. Tundu la waya livishwe mpira wake, na waya uungwe kwa risasi ya kuyeyusha, siyo kusokotwa. Kisha kabla plastiki haijarudishwa, mwagia mlango maji kwa mpira wa bustani dakika kumi na tochi ikiwa ndani. Tone moja likionekana, anza upya. Na fyuzi ikikatika, asije mtu akakuwekea kubwa zaidi au kipande cha waya "ili usisumbuke". Fyuzi inakatika ili waya usiungue.

Mengine ni ya haraka. Taa ya breki ni nyekundu na haipepesi. Hizo za kuwaka-waka kama disko utaelezana na trafiki. Kama gari lina bima kubwa, wajulishe kwa maandishi kwamba umeongeza kitu, uwanyime sababu ya kukukatalia siku ya ajali. Hakikisha mkono wa waipa haugusi spoila unapopanda, na kile kitundu cha kurushia maji ya kioo hakijazibwa. Antena ikiwa juu ya paa karibu na mlango, fungua mlango polepole mara ya kwanza.

Baada ya wiki mbili kaza bolti tena, hasa kama unapita njia za vumbi zenye matuta madogo madogo ya mfululizo, yale yanalegeza hata meno. Kila ukijaza mafuta, mwombe kijana wa sheli asimame nyuma ukanyage breki. Usifungue mlango kwa kushika spoila, na usiruhusu mtu asukume gari kwa kuishika. Watoto wasiifanye bembea. Mashemeji wakija na godoro wanataka lifungwe juu, kamba isipite pale, hata wakisema ni hadi Kisesa tu. Na usiegeshe chini ya ule mti wenye makorongo.