Jinsi ya kuwaona wanyama wa pwani ukiwa nyumbani kwako

Ukiishi karibu na bahari huna haja ya kwenda mbali kutafuta wanyama. Wanapita mlangoni kwako kila siku, ila kwa saa zao wenyewe, na saa hizo zinapangwa na maji na mwanga. Nimeishi ufukweni miaka mingi, na kila anayeniuliza nimeifanyaje bustani yangu hadi ikajaa viumbe humjibu vivyo hivyo: usiwawekee chakula, jifunze maji kwanza.

Anza na kujaa na kupwa. Kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: bahari hupanda juu sana, kisha hurudi mbali sana. Watu wengi huteremka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, wakaambulia kuwaona ndege kama vidoa tu kule mwambani. Mimi hutoka kama saa moja hivi kabla maji hayajajaa kabisa. Bahari inapopanda huwasukuma vitwitwi na wenzao wenye midomo mirefu hadi kwenye ukanda mwembamba wa mchanga mbele ya nyumba, na hapo unawaona hata bila darubini. Kaa chini mapema kabla hawajafika, usisimame, na mbwa abaki amefungwa.

Kutowapeperusha si adabu tu. Wengi wao huanguliwa kule kaskazini ya mbali, karibu na Aktiki, na hupumzika ufukweni kujaza mafuta mwilini. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii hii, aliyekuwa bado mchanga, alifuatiliwa kwa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, zaidi ya kilomita 13,500 kwa siku 11. Kila unapowarusha bure unawapunguzia mafuta ya safari.

Kwa anayeanza, hata hivyo, mwalimu mzuri kuliko wote ni yule kaa mweupe wa mchangani. Tafuta shimo lenye mchanga mbichi pembeni, ukae hatua tatu nne kutoka hapo, kivuli chako kisiangukie mlango wake. Usicheze hata kidole. Kwanza yatachomoza macho, yamesimama juu ya vijiti vyake, yakizungushwa pande zote. Kisha mguu mmoja. Kisha atatoka ubavu ubavu, amekumbatia tonge la mchanga, alirushe na kusita kidogo kama anasikiliza, halafu arudi ndani. Anapumua kwa mashavu kama ya samaki, ambayo lazima yabaki na unyevu, ndiyo maana huchimba hadi afikie mchanga mbichi, na jua likiwa kali huuziba mlango wake kabisa. Nenda asubuhi na mapema au jioni.

Bustanini, kilicho adimu ni maji baridi. Udongo una chumvi, upepo una chumvi, kwa hiyo sahani moja ya maji yasiyo na chumvi huleta ndege wengi kuliko gunia la nafaka. Iwe pana na ya kina kifupi, sentimita tano zinatosha, na katikati uweke jiwe ili nyuki na vipepeo wapate pa kukanyaga. Iweke kivulini, karibu na kichaka cha kukimbilia, lakini si karibu mno hadi paka akapata pa kujificha. Maji yamwagwe na sahani isuguliwe kila baada ya siku mbili, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Panda mshubiri mahali pa jua. Ukichanua, ndege aitwaye chozi atakuja mwenyewe, atatua kwenye bua na kuingiza mdomo wake uliopinda katika kila ua. Na tafadhali usifagie utando wote wa buibui kwenye miti, kwa sababu chozi huutumia kushikizia kiota chake kinachoning'inia. Acha pembe moja ya bustani na majani yake makavu. Mimea inayotambaa mchangani nayo usiing'oe, ndiyo inayoushika mchanga usichukuliwe na upepo.

Kuhusu sumu nina msimamo mkali: usitumie. Panya aliyekula sumu hutembea akilegea, bundi akamla, na bundi naye akafa. Dawa ya wadudu hupita njia hiyo hiyo hadi kwa mjusi kafiri wa ukutani, ambaye kila usiku anakufanyia bure kazi ya kula mbu, nondo na mende. Mtazame huyo kwa karibu siku moja. Hana kope za kufumba, kwa hiyo hulisafisha jicho lake kwa ulimi. Usimkurupushe, maana akiogopa hukata mkia wake, na mkia ule ndiyo akiba yake ya mafuta.

Sasa giza. Hapa ndipo nyumba nyingi za ufukweni zinapoharibu mambo, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu ya kasa. Watoto wa kasa huanguliwa baada ya takribani miezi miwili mchangani, hutoka usiku, na huelekea palipo na mwanga mwingi upande wa chini wa upeo. Kwa asili hapo ni baharini. Ukiwasha taa nyeupe barazani, wanageuka kuja kwako, na huko wanakutana na kaa, mbwa, magari na jua la asubuhi. Taa zinazotazama bahari zizimwe, au ziwe za rangi ya kahawia-njano au nyekundu, zifungwe chini na zifunikwe juu zimulike ardhi tu. Vuta mapazia. Kila jioni ondoa viti mchangani na ufukie mashimo waliyochimba watoto wako.

Ukikuta asubuhi alama pana zimetoka majini na kurudi, mithili ya tairi la trekta, huenda kasa ametaga. Usichimbe, usikanyage, wapigie wanaohusika na uhifadhi wa eneo lako. Ukimkuta mwenyewe usiku, zima tochi na simu, rudi nyuma yake mbali na macho yake, unyamaze. Watoto wakitoka waache watambae wenyewe hadi majini. Kama wamepotelea bustanini kwa sababu ya taa, izime kwanza, kisha uite msaada.

Yapo mengine ya kuchukua tahadhari. Kombe zuri lenye umbo la koni usiliokote likiwa na mwenyewe ndani: konokono huyo ana mshale wa sumu unaoweza kuua mtu. Hata kombe tupu liache, kuna kaa wanaohama kombe hadi kombe kadiri wanavyokua, na wasipolipata hawana pa kuishi. Nyoka mpishe, rudi nyuma polepole na umpe nafasi ya kuondoka. Kuni na mawe yasirundikwe karibu na mlango, na usiku vaa viatu vya kufunika, tochi imulike miguu yako. Tumbili usimpe kitu hata akikutazama kwa huruma. Akishazoea mkono wako atakuja kuudai kwa meno.

Kinda aliyeota manyoya ukimkuta chini, mpandishe kwenye tawi la karibu na uondoke, wazazi wake wapo na wataendelea kumlisha. Kushikwa na mkono wa mtu hakuwafanyi wamkatae.